Nusu Yangu ya Wimbo

Mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Nairobi akaniambia anakuja nyumbani kutunga wimbo wa filamu. Nikachinja kuku. Kuku akiwa tayari kwenye sufuria, akapiga tena kusema anakuja na mwenzake wa kutunga. Kama angesema mapema, wangekula maharagwe.

Mwenzake wa kutunga ni mimi. Hilo nililijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Mtoto huyo nimemlea hapa Kiptere tangu alipoacha ziwa, kwa sababu mama yake, binti yangu, ni muuguzi kule Longisa, na kazi ya hospitali haimngojei mtoto aamke. Nikienda kuchuma majani, nilimbeba mgongoni. Alipojua kutembea, akawa ananifuata nyuma kwenye mistari ya chai, na huko ndiko tulikoanza. Mimi natupa, yeye anarudisha. Naimba, "Nani amekanyaga mtaro wangu?" Sauti ndogo nyuma yangu inajibu, "Ni mvua, Kogo, ni mvua." Naimba, "Nani amemaliza mursik kwenye kibuyu?" Anajibu, "Ni paka," na masharubu ya maziwa hayo ya mgando yako mdomoni mwake. Tuliimba kwa Kipsigis, asubuhi yote, mpaka wachumaji wa shamba la jirani wakanyamaza watusikie. Shule mimi niliiacha kabla sijajua kugawanya. Lakini watu wakiniuliza huyo msichana alitoa wapi kipaji, huwa siwaangalii mara mbili.

Kwa hiyo aliposema filamu inatengenezwa kuhusu watu wa chai, na wameombwa wimbo, nilijua wimbo huo utakuwa wetu sisi wawili. Nilioga, nikavaa leso mpya.

Huyo mwenzake akashuka kwa pikipiki nyuma ya mjukuu wangu. Msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, wa watu wa ziwani. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho, baba yake alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Chai anaijua basi, lakini ile ya tajiri. Kwapani alikuwa amebana piano nyembamba, kama mtu aliyetoka sokoni na ubao wa kukatia sukuma.

"Habari yako, Shosho?"

"Shosho ako kwa Wakikuyu. Hapa bibi ni Kogo."

"Pole. Habari yako, Kogo?"

"Kogo ni wa huyu." Nikamwonyesha mjukuu wangu kwa kidole.

Wakaangaliana, wakacheka pamoja, kicheko kimoja cha watu waliozoeana. Hicho kicheko hakikunipendeza.

"Sasa mimi nikuite nani?"

"Mama. Mama inatosha watu wengi."

Walichukua sebule yangu. Wakatoa vitambaa nilivyofuma juu ya viti, ati vinawasha. Wakatundika blanketi zangu ukutani, hata ile ya wageni, ati sauti isigonge ukuta ikarudi. Nikauliza, sauti ikirudi kuna ubaya gani? Msichana wa ziwani akasema, "Mama, inarudi ikiwa imechoka." Mjukuu wangu akacheka tena. Kwangu mimi hajawahi kucheka hivyo, akiegemea mtu begani.

Kwenye kompyuta wakanionyesha kipande cha filamu kisicho na muziki. Kifupi tu. Msichana anaondoka nyumbani asubuhi na begi, anapita katikati ya chai kwenda barabarani. Mama yake anabaki uani anafagia. Hampungii mkono, hamwangalii, anafagia tu. Wenye filamu walitaka wimbo uanze wakati ufagio unagusa chini, na uishe kabla msichana hajafika kwenye lami. Tena uwe wimbo ambao vijana wataucheza kwenye simu zao hata kama hawajaona filamu.

Nikasema hiyo ni rahisi. "Imbeni: msichana anaenda, mama anafagia."

"Hiyo watu wataiona wenyewe," msichana akasema. "Wimbo wa filamu hausemi kitu macho yameshaona. Unasema kile mama amefungia mdomoni."

Yalikuwa maneno ya maana, na ndiyo maana yaliniudhi.

Basi wakaanza, na mimi nikakaa kwenye kiti cha pembeni na kibuyu changu cha maziwa, nakisugua ndani kwa kijiti cha makaa kama mtu aliye na shughuli zake. Msichana wa ziwani anabonyeza piano, anaimba maneno yasiyo maneno: ye-na-no, ye-na-ro. Nikafikiri ni lugha ya kwao. Mjukuu wangu akaniambia hiyo si lugha ya mtu yeyote, ni ya kushikilia mahali tu, kama jiwe unaloweka kwenye foleni ya maji mpaka uje na mtungi. Sauti ikishakubali, ndipo wanatafuta neno lenye umbo la jiwe lile, wanalitoa jiwe wanaweka neno. Nikakumbuka kwamba sisi kwenye chai neno na sauti vilikuwa vinatoka pamoja, kama ndama na kitovu chake. Nani alikuwa ananiuliza?

Mjukuu wangu ndiye wa maneno. Anasema mstari. Na huyo mwingine, bila aibu, bila kuinua macho, anasema:

"Mbaya."

"Mbaya wapi?"

"Hapo kwa moyo. Moyo umeimbwa mpaka umechakaa."

"Kweli. Toa."

Mara mjukuu wangu naye, huyo mwingine akibonyeza sauti mpya: "Hiyo mbaya. Inanuka kanisa." "Aki? Ngoja." Tii, tii, tii. "Sasa?" "Afadhali. Lakini bado mbaya."

Nilikuwa nangoja wagombane. Kwetu ukimwambia mtu wimbo wake ni mbaya, umemwambia mama yake ni mbaya. Unanyamaza, au unaimba wako juu ya wake mpaka wake upotee. Hawa walitupiana mbaya kama watu wanaopeana chumvi mezani. Hakuna aliyekasirika. Kila mbaya ikitoka, wanasogeleana zaidi, mpaka vichwa vinakaribia kugusana juu ya kompyuta.

Nikaona nami nitoe langu. Nikasafisha koo, nikaimba mstari mzuri, wenye mapambazuko na ndege.

"Nzuri sana, Kogo!" mjukuu wangu akasema. Akanipigia makofi kidogo.

Vidole vyake havikugusa kompyuta.

Nikangoja kidogo, nikatoa mwingine. "Wah, Kogo, nzuri!" Vidole vimelala. Nikatoa wa mama anayelia kwa siri jikoni. "Hiyo nayo ni tamu, asante Kogo." Halafu akamgeukia mwenzake: "Tulikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipoona. Mimi nilikuwa nasifiwa kama mgeni anavyosifu chai. Mgeni akiulizwa kama chai ina sukari ya kutosha, husema ndiyo, hata kama haina hata chembe. Mwenye nyumba ndiye husema, "Hii chai imeharibika, mwaga." Mjukuu niliyembeba mgongoni alikuwa ananipa adabu, na mbaya zake zote, zile za ndani, alikuwa anampa mtoto wa fundi wa mashine.

Wakati wa chakula nilimwekea huyo msichana mursik kwenye kikombe. Akaonja, akauliza kama kuna sukari. Sukari kwenye mursik! Nilimwangalia mjukuu wangu aone aibu kwa niaba yake. Yeye akainuka, akaenda akamletea.

Jioni nikaenda kukamua. Ng'ombe wangu mweusi ni mwanamke wa kiburi. Haachii maziwa kwa mtu yeyote isipokuwa nimemwimbia wimbo wake, ule ninaomwimbia tangu alipozaa mara ya kwanza. Binti yangu akija hapa akijaribu kumkamua, anapata povu la kufunika kitako cha ndoo tu. Kwa hiyo nilikuwa na raha, nikijua hapa zizini angalau ninajulikana mimi ni nani.

Msichana wa ziwani akanifuata. Akasimama kwenye mlango wa zizi mikono mfukoni, na kwa sababu wimbo wao ulikuwa umemkaa kichwani, akawa anauimba polepole: ye-na-no, ye-na-ro. Mimi hata sikuwa nimefungua mdomo. Nikashika chuchu tu nijipange, na maziwa yakaja. Yakaja kama bomba.

Nikamwangalia ng'ombe. Nikamwambia kwa Kipsigis, "Hata wewe?"

"Mama, ameipenda biti ya wimbo wetu," msichana akasema.

"Nyamaza, atanipiga teke."

Hakunipiga teke. Alikuwa anatafuna, amefumba macho nusu, mpumbavu yule. Ndoo ilijaa kuliko siku zote na nikaibeba kwenda nyumbani nikiona ni nzito kwa ubaya.

Kesho yake walikuwa wamekaribia kumaliza, wakatumiwa ujumbe na wenye filamu. Kipande kimebadilishwa. Sasa msichana anaondoka haraka, na sehemu kubwa ni ya mama na ufagio wake. Kwa hiyo wimbo hautakiwi kuwa wa anayeenda. Uwe wa anayebaki. Maneno yote ya mjukuu wangu yakaenda na maji.

Mvua yetu ya mchana ikaja kama kawaida, na safari hii ilikuja na mawe. Juu ya mabati ilikuwa kama magari ya kokoto yanamwaga. Hakuna kurekodi, hakuna kusikia piano. Wakakaa tu, magoti yameinuliwa kwenye viti vyangu visivyo na vitambaa. Walikuwa wanaongea kwa kupaza sauti.

"Mimi sijui kubaki," mjukuu wangu akasema. "Tangu nijue kutembea mimi naondoka tu. Shule, chuo, Nairobi."

"Hata mimi," mwenzake akasema. "Mimi ni wa kubeba begi."

Walikaa hivyo, na mimi niko pale mbele yao, mtu wa kubaki kuliko wote duniani, na hakuna aliyeniangalia. Nikaweka kibuyu chini. Nikaimba kwa sauti ya kushinda mawe:

"Mungu akutangulie mtoto wangu, usisahau nyumbani."

"Nzuri sana, Kogo," mjukuu wangu akasema.

"Mbaya," akasema yule mwingine.

Hakuinua macho. Lilimtoka tu, kama lilivyokuwa linamtoka siku mbili. Halafu akajisikia, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mjukuu wangu akaruka kutoka kwenye kiti. "We! Unaongea na nani? Huyo ni kogo wangu! Huyo si mtu wa studio!"

"Aki pole. Pole, Mama. Nilisahau..."

"Umesahau nini? Omba msamaha vizuri!"

"Nyamaza," nikasema.

"Umesikia? Nyamaza!"

"Nimekuambia wewe." Nilikuwa namwonyesha mjukuu wangu kidole. "Tangu mje hapa umenisifu kama mama mkwe. Nzuri Kogo, tamu Kogo. Na huwezi kuandika hata moja. Mimi nimekuwa mgeni kwa nyumba yangu? Sema wewe sasa. Huo mstari ni mzuri ama ni mbaya?"

Mjukuu wangu akaangalia sakafu. Kwetu mtoto hamwambii bibi yake neno kama hilo. Ni kama kutemea mate mahali alipotoka. Nilijua ninachomwomba ni kigumu. Sikumpunguzia.

"Sema."

"Ni mbaya, Kogo," akasema, na machozi yakamtoka.

"Mbaya wapi?"

Akajipangusa kwa mkono wa sweta. "Ni ya kadi. Kila mama kwa kila filamu anaombea mtoto. Na huyu mama haongei, Kogo. Anafagia."

"Sawa. Toa," nikasema. Nikavuta kiti changu kutoka pembeni, nikakileta mpaka kwenye meza yao. Msichana wa ziwani akasogeza piano yake kunipa nafasi. Nilitoa mwingine: mama yako atakulilia. "Mbaya," mjukuu wangu akasema, safari hii haraka kidogo. Nikatoa mwingine. "Mbaya zaidi," akasema mwenzake, na mimi damu ikanichemka mpaka masikio.

"Nyinyi mnajua nini?" nikawapigia kelele. "Mnafikiri huyo mama haangalii kwa sababu ni mgumu? Anafagia kwa sababu hana haraka! Wewe ulipoenda bweni mara ya kwanza, na sanduku lako kichwani, mimi nilisimama pale kwa ng'ombe. Kama ningekuwa na shamba la mahindi, ungeingia ndani yake ukapotea, na mimi ningelia mara moja nikarudi kazini. Lakini chai inafika kiunoni. Unaenda, na mimi naona sanduku. Nakamua, nainua kichwa, naona sanduku. Namaliza kukamua, sanduku liko pale kwa mteremko, linaenda pole pole juu ya majani kama limepanda mashua. Siku hiyo nilichoka kukuona. Nilitaka upotee nipumzike, na chai ni fupi!"

Mawe yalikuwa yamepungua juu ya mabati.

"Chai ni fupi," mjukuu wangu akasema polepole.

Na kabla sijavuta pumzi, msichana wa ziwani akabonyeza ile sauti yake ya ye-na-no, akaimba:

"Chai ni fupi, bado nakuona."

Ilikaa. Hata mimi nilisikia ikikaa, kama kifuniko kinavyokaa kwenye kibuyu. Mjukuu wangu akapiga kelele, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, shingo yangu ikagongana na bega la yule msichana. Akauliza, "Lakini si watu watakuwa wanaiona chai? Si tulisema tusirudie?" Mwenzake akajibu, "Wanaona chai. Hawaoni kuwa ni fupi."

Bado nakuona! Nilikuwa karibu kulisema mimi. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, linavaa viatu litoke. Angengoja kidogo tu. Lakini watu wa kubeba begi hawajui kungoja.

Mvua ilipokoma wakafunga madirisha, wakafungia kuku wangu mbali, wakarekodi. Aliyeimba ni huyo wa ziwani, kwa sababu sauti ya wimbo ilikuwa imekatwa kwa kimo chake. Niliambiwa nisisugue kibuyu.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi mmoja pale Kericho, nilienda na akina mama wa kanisa letu, wote tumevaa sare. Ufagio ukagusa chini, wimbo ukaanza. Ulipofika mahali petu, mama wa filamu akainua kichwa kutoka kwenye ufagio, akaangalia, akainama tena. Akina mama nyuma yangu wakaanza kupenga kamasi. Nami nilikuwa namwangalia huyo mwigizaji, nikisema moyoni kwamba mkono wake haujawahi kufagia uwanja wa ng'ombe. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele na mwenzake wamekamatana mikono. Mkono mwingine alikuwa amenyoosha nyuma, katikati ya viti, bila kugeuka. Niliushika. Ulikuwa na jasho.

Sasa wimbo uko kila mahali. Vijana wa bodaboda pale Kiptere wanauimba, wanawake wanauimba tukingoja majani yetu yapimwe. Lakini wote wanakamata ile nusu ya mwisho. Bado nakuona, bado nakuona, kutwa. Nusu yangu wanaiacha nje kama mbwa. Nikisikia hivyo huwa nasimama. Nawaambia, "Anza na chai ni fupi. Hiyo nyingine bila hii haina miguu." Wananiita mwalimu wa kwaya, wanacheka. Wacheke.

Majuzi nikasikia kutoka kwa binti yangu kwamba wale wawili wanatunga wimbo wa filamu nyingine, ya mambo ya harusi. Hakuna aliyeniambia. Nilimeza hilo mpaka likakataa kumezeka, na jioni nikiwa nakamua, nikapiga simu, nikaiweka juu ya gunia la pumba na spika iko wazi. Akashika yule wa ziwani. Simu ya mjukuu wangu, mkononi mwake.

"Mjukuu wangu ako wapi?"

"Ameenda chini kununua mandazi. Anarudi sasa hivi."

"Nasikia mnatunga."

"Ndiyo. Tumekwama kwa kiitikio. Tulikuwa tukupigie tukishakula."

"Hiyo sijui. Imba."

Akaimba. Ulikuwa mzuri, mzuri wa kuudhi, na ng'ombe akasikia kutoka kwenye gunia akaachia maziwa yote. Sikumwangalia. Nilisikiliza mpaka mwisho, na kule mwishoni nikasikia mahali ambapo wimbo uliteleza.

"Mbaya," nikasema.

Nikamsikia akivuta kiti, na piano yake ikilia mara moja kama imewekwa sawa.

"Mbaya wapi, Kogo?"

Kogo. Niliisikia vizuri sana. Ningemkosoa, lakini tulikuwa kazini.

"Hapo mwisho," nikamwambia. "Rudia."